Mpiga Pasi na Ujumbe Mia Nne na Kumi na Mbili

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Ndani ya kiwanda cha dobi joto limeshaamka kabla ya watu. Mashine ya pasi, ndefu kama kitanda cha watu wawili, inameza shuka lililolowa upande huu na kulitoa upande wa pili likiwa kavu, limenyooka, linachoma vidole. Mwanamke wa miaka ishirini na sita anashika pembe mbili, mwenzake anashika pembe mbili. Wanakutana katikati, wanaachana, wanakutana tena. Mara nne, shuka limekunjika. Wanalitupa kwenye rundo na kurudi kupokea jingine.

Leo anayafanya yote hayo akiwa na simu kwenye mfuko wa aproni, na kila baada ya shuka tatu anaigusa kuhakikisha haijatoroka.

Wenzake wanamwita Gumba. Jina lenyewe alilipata hapa hapa kazini. Kwa miaka minne, kila yalipofika mapumziko ya nusu saa, wenzake walikula na kupiga soga, naye alikaa juu ya gunia la foronya chafu akiandika programu za kompyuta kwa vidole gumba viwili, kwenye simu yenye ufa kutoka kona hadi kona. Kompyuta hana. Hajawahi kuwa nayo.

"Mwanzoni tulidhani ana mchumba," anasema msimamizi wa zamu, mama mnene mwenye kalamu iliyochomekwa kwenye nywele, ambaye kiwanda kizima kinamwita Shangazi. "Tukajiuliza, mchumba gani huyu wa kuandikiwa barua ndefu kila siku ya Mungu? Siku moja nikachungulia. Mabano matupu na nukta! Nikasema maskini, mtoto wa watu ameshachanganyikiwa."

Hakuchanganyikiwa. Leo ni Alhamisi, na kampuni moja ya ushauri wa mifumo ya kompyuta imeahidi kwamba kabla ya siku kwisha itamwambia kama imemwajiri. Nafasi ni moja, ya mtengeneza programu anayeanza kazi. Walioomba walikuwa mia moja themanini na sita. Waliobaki ni watatu, na Gumba ni mmoja wao.

Simu inatetemeka. Gumba anaachia shuka, pembe mbili zinaanguka sakafuni, mwenzake anapiga yowe.

"Haloo?"

"Wamepiga?" Ni mama yake.

"Bado, mama. Hata jua halijatoka."

"Haya. Wakipiga usisahau kusema asante. Wewe ukishtuka unakuwa bubu."

Anakata simu, anaokota shuka, anarudi kwenye mashine. Mwandishi wa makala hii, aliyekaa pembeni juu ya gunia lile lile la foronya, anaandika kwenye daftari lake: mama, simu ya kwanza. Kabla ya saa nne asubuhi atakuwa ameandika sita.

"Uzoefu nitautoa wapi?"

Gumba hakusomea kompyuta. Alimaliza sekondari akiwa na nafasi ya chuo mkononi, ndipo mgongo wa mama yake, mshonaji wa sare za shule, ukagoma. Mama alilala miezi minane. Binti akavaa aproni, akasema ni kwa muda tu.

"Huo muda tu sasa una miaka sita," anasema, na anacheka mwenyewe kabla hujaamua kama inafaa kucheka.

Mshahara, anasema, ukishalipa chumba, chakula na dawa ya mgongo, unabaki wa kununulia bando la intaneti na sabuni. Kuna miezi sabuni ilisubiri. Kwa bando hilo alijifunza, somo moja baada ya jingine, peke yake, akirudia yasiyoeleweka mpaka yaeleweke.

Programu yake ya kwanza yenye manufaa aliitengenezea kiwanda hiki. Shuka za hospitali zilikuwa zikichanganyika na za hoteli, na kila Ijumaa Shangazi aligombana na madereva. Gumba akatengeneza kitu kidogo cha kwenye simu: unagusa rangi ya uzi uliotiwa kwenye pindo, unagusa idadi, basi. Shangazi, ambaye hadi leo hujibu simu kwa kuishika mbali kama kaa la moto, anaitumia kila siku.

"Alinikalisha hapa siku tatu," Shangazi anasema. "Kila nikibonyeza pabaya, haniambii nimekosea. Anasema, 'Hapo nimekosea mimi, Shangazi, ngoja nipahamishe.' Nikamwambia wewe mtoto una adabu, lakini utanichosha."

Kwa kazi hiyo alianza kuomba ajira. Aliomba sehemu kumi na moja, na kumi na moja zilimkataa, nyingine bila hata kumjibu. Zilitaka shahada, au uzoefu wa miaka miwili.

"Kazi yenyewe wanaiita ya kuanzia!" Gumba anasema, na hapa sauti yake inapanda juu ya ngurumo ya mashine. "Uzoefu nitautoa wapi, nikakinge kwenye bomba? Ilifika mahali nikisoma tangazo naanzia chini, nione kwanza wamenikataa kwa lipi."

La kumi na mbili halikuwa na la kumkataa. Lilisema hivi: hatuulizi cheti; tuonyeshe kitu ulichotengeneza, na utupe namba ya mtu anayekitumia.

Akawapa namba ya Shangazi. Kampuni ikapiga.

"Mtu simjui, ananiuliza habari za shuka zangu," Shangazi anajitetea. "Nikamwambia hatununui kitu, nikakata. Wezi wa simu wamejaa siku hizi."

Bahati njema, walipiga tena.

Siku ya kiti

Kampuni hiyo ina utaratibu wake wa kuajiri, nao hauna mtihani. Waombaji wa mwisho hupelekwa kwa mteja wa kweli, mwenye tatizo la kweli. Kila mmoja hupewa kiti cha plastiki na siku moja. Wenyewe wanaiita siku ya kiti.

"Kiti unakiweka unapotaka," anaeleza mwanzilishi wa kampuni, mzee mwembamba ambaye wafanyakazi wake wote wanamwita Mjomba. "Mimi naangalia kiti tu. Ukiniambia kiti kilikaa wapi, nitakwambia mtu ni wa aina gani."

Jumatatu ya wiki hii mteja alikuwa ofisi ya vifurushi. Watu hutuma mizigo kutoka miji mingine, ofisi huipokea na kumpelekea mwenyewe ujumbe wa simu aje kuchukua. Tatizo: watu hawaji. Vifurushi mia nne na kumi na mbili vilikuwa vimelala, vimejaza chumba, vimepanda hadi dirishani, na karani mmoja alikuwa akinywa chai amekalia friji ya mtu. Meneja alitaka mfumo mkubwa wa kisasa, utakaowatumia wateja ujumbe mara tatu kwa siku badala ya mara moja.

Waombaji wenzake wawili, kijana mmoja na dada mmoja, wote wa chuo kikuu, waliweka viti mezani penye umeme, wakafungua kompyuta.

"Walikuwa wanaandika kabla makalio hayajagusa kiti," Mjomba anasema. "Na wanajua, si utani. Wana kasi ya cherehani."

Gumba alipewa kompyuta ya kuazima. Akaiangalia. Akajaribu kuandika jina lake, ikamchukua muda wa kuangua dafu. Mikono iliyozoea simu ilikuwa inatafuta herufi moja moja kama inachambua mchele.

"Nilitaka ardhi ipasuke," anasema. "Nikaifunga ile kompyuta, nikabeba kiti changu, nikaenda zangu dirishani kwa yule mama."

Yule mama ni karani wa dirisha la pili, mwenye miaka kumi na tisa kazini na sauti inayofika hadi barabarani. Gumba alikaa naye saa mbili nzima bila kuandika hata herufi moja. Kila aliyefika kutuma mzigo alimwonyesha ujumbe ambao ofisi huwatumia wateja: *HONGERA! Una kifurushi chako. Piga namba hii SASA ukipate.* Kisha akawauliza: ukiletewa ujumbe huu, utafanya nini?

Aliwauliza watu tisa. Saba walisema wangeufuta. Mmoja alisema angeufuta na kutukana.

"Mimi nimekaa dirisha hili miaka kumi na tisa," anasema karani. "Hakuna meneja aliyewahi kuniuliza kwa nini watu hawaji. Kaja mtoto wa dobi, kauliza mara moja. Nikamwambia, mwanangu, watu wanadhani sisi matapeli!"

Hilo ndilo lilikuwa tatizo lote. Mfumo mpya ungewatumia watu kile kile walichokuwa wanakifuta, sasa mara tatu kwa siku.

Gumba akatoa simu yake yenye ufa, akaandika kwa vidole gumba. Kwenye kumbukumbu za ofisi mlikuwa na jina la aliyetuma mzigo na maelezo ya karani, maana yule mama huandika kila kifurushi kilivyo: boksi lenye kamba ya katani, mfuko wa bluu uliokatika mpini. Programu yake ilichukua hayo mawili ikatunga ujumbe mpya. Aliyekutumia ni fulani, kimefungwa hivi, kipo dirisha la pili. Hakuna hongera, hakuna haraka.

Ilikuwa na mistari kumi na miwili. Mstari wa mwisho ulikuwa wa usalama: *wakifika watano, simama.* Meneja alikuwa ametafuta wateja watano waliokubali kujaribiwa, na ruhusa ilikuwa ya hao watano tu.

Mstari wa kumi na mbili

Sasa sikiliza lililotokea, maana hapa ndipo mwandishi huyu naye anapoingia.

Simu ya Gumba, chini ya ule ufa, imekufa ganzi. Sehemu ya chini ya kioo, upana wa kidole, haisikii ukiigusa. Yeye ameizoea, huyavusha maandishi juu bila hata kufikiri. Jumatatu, saa ikikimbia, alinakili programu yake ili aihamishie kwenye kompyuta ya ofisi. Alinakili mistari kumi na mmoja. Wa kumi na mbili ulibaki chini, kwenye ganzi.

Akabonyeza.

"Nikaona mmoja, wawili, watatu, wanne, watano," Gumba anasema, na mikono yake inaacha kukunja shuka. "Nikatabasamu. Sita. Nikasema, sita? Saba. Ishirini. Themanini."

Ujumbe mia nne na kumi na mbili ukaondoka. Maji yakishamwagika hayazoleki.

Mjomba anakumbuka kilichofuata dakika kwa dakika. "Hakuna aliyekuwa amejua. Meneja alikuwa anaongea na simu, wenzake wameinamia kompyuta. Angeweza kukaa kimya, tungedhani ni mitambo. Akasimama katikati ya chumba, machozi yanamtoka, akasema kwa sauti: 'Nimekosea. Nimewatumia wote. Ni mimi.' Sijawahi kuona mtu akijichomea kwa kasi namna ile."

Mmoja kati ya hao mia nne na kumi na mbili ni mwandishi wa makala hii. Saa sita mchana, mezani kwake, aliletewa ujumbe kwamba dada yake amemtumia furushi lililoshonwa kwa uzi wa bluu, lipo dirisha la pili. Furushi hilo lilikuwa limelala wiki tano. Ujumbe wa kwanza aliufuta bila kuumaliza, akajiona mjanja. Dada mtu alikuwa amenuna kwa kutopewa hata asante. Mwandishi alitoka mbio, na alipofika alikuta foleni imepinda kona.

Watu walikuja na mikokoteni, walikuja na watoto wa kusaidia kubeba. Friji ilitoka. Dirisha likaonekana, na mwanga ukaingia chumbani, jambo ambalo karani anasema alikuwa amelisahau. Hadi kufunga ofisi, vifurushi mia mbili sabini na kimoja vilikuwa vimechukuliwa.

Lakini tusimvishe kilemba cha ukoka. Kosa lilikuwa kosa, na liliumiza. Watu saba walilalamika. Mmoja alikuwa amemnunulia mkewe viatu vya kumshangaza, akaandikisha namba ya nyumbani akikusudia kuja kuvichukua mwenyewe Ijumaa. Ujumbe ukampata mke. Bwana yule alifika dirishani anafoka, mkewe yuko nyuma yake, kashavivaa.

Gumba aliomba orodha ya wale saba. Akampigia kila mmoja kwa simu yake mwenyewe, akajitaja, akaomba radhi. Hilo hakuna aliyemtuma. Kisha akarudisha kiti cha plastiki alipokitoa, akaenda nyumbani akamwambia mama yake basi tena.

"Nilimwambia kuteleza si kuanguka," mama anasema kwa simu, wakati wa simu ya nne. "Akaniambia, mama, nimeteleza, nimeanguka, na nimeangukia watu mia nne na kumi na mbili."

"Matapeli hao"

Turudi Alhamisi. Saa nne na dakika kumi, Gumba yuko kwenye mashine, mama yuko hewani kwa mara ya saba, anataka kujua kama kweli kampuni ina namba sahihi. Wakati wakizungumza, simu inatoa mlio mfupi wa ujumbe. Gumba anamuaga mama, anausoma kwa jicho moja, anasonya.

*HONGERA! Umechaguliwa. Piga namba hii kabla ya saa nane kamili mchana kuthibitisha nafasi yako.*

"Ni nini?" Shangazi anauliza kutoka upande wa pili wa mashine.

"Matapeli hao."

"Futa!"

Anaufuta. Mwandishi huyu yupo, ameona kwa macho yake, na hakuwaza lolote. Ameshasema kuwa si mjanja.

Saa tano inapita, saa sita inapita. Mama anapiga mara mbili nyingine. Mapumziko yanafika, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne hatoi simu kuandika. Anakaa juu ya gunia, anaangalia mikono yake.

"Wamempa yule dada," anasema. "Ana haki. Yeye hakumtumia mtu viatu."

Shangazi anamletea chai.

Saa nane kasoro dakika ishirini wako kwenye shuka za mwisho za zamu. Pembe mbili, pembe mbili. Wanakutana katikati, na Gumba anabaki hapo hapo, shuka mkononi, mdomo wazi.

"Shangazi. Ule ujumbe."

"Upi?"

"Ule wa hongera. Ulisema nafasi. Tapeli anasema zawadi, anasema umeshinda pesa. Nafasi ya nini?"

Mashine inaendelea kutema shuka, hakuna wa kulipokea, linajikunja sakafuni kama chapati iliyoharibika.

"Tapeli hawezi kukupa muda mpaka saa nane," Gumba anasema, sasa sauti imepanda. "Anataka sasa hivi! Mungu wangu. Ni wao! Nimewafuta!"

Ujumbe umekwenda na namba yake. Shangazi anazima mashine, jambo ambalo kiwandani hapa hufanyika moto ukiwaka. Wanawake wanane wanamzunguka Gumba wote wakitoa ushauri kwa pamoja. Barua ya wito wa siku ya kiti! Namba ya ofisi iko kwenye barua, barua iko kwenye mkoba, mkoba uko kabatini, funguo ya kabati iko wapi? Iko shingoni mwake mwenyewe. Anabonyeza namba, vidole gumba vile vinavyosifika vinakosea mara mbili. Ya tatu anaipata. Kabla hajabonyeza kitufe cha kupiga, simu inaita.

"Wamepiga?"

"Mama, kata simu!"

"Unaniambia mimi mama yako nikate?"

"Nakupenda, mama, kata!" Na anakata yeye.

Saa nane kasoro dakika nane. Anapiga. Inaita mara nne. Wanawake wanane wameshikana mikono, Shangazi amefumba macho na midomo inatembea. Sauti ya mzee inapokea, na Gumba anaiweka simu kwenye sauti kubwa ili wote wasikie.

"Nilianza kudhani huitaki kazi yetu," Mjomba anasema. "Nimekupigia tangu asubuhi, kila mara namba inatumika. Nikaona nikuandikie ujumbe. Hukuupata?"

"Niliupata, mzee," Gumba anasema. "Niliufuta."

"Uliufuta?"

Hapa mama yake alisema atakuwa bubu. Hakuwa.

"Mzee, umeanza na hongera kwa herufi kubwa. Jina lako hukuweka. La kampuni hukuweka. Umeniambia nipige namba nisiyoijua. Jumatatu nilikueleza mbele ya dirisha la pili, watu wanafuta ujumbe wa namna hiyo."

Shangazi anafumbua macho.

Kisha kicheko. Kikaanza kidogo, kikakua, kikaishia kwenye kukohoa. Nyuma yake sauti nyingine za ofisini zilisikika zikiuliza kuna nini.

"Anza Jumatatu, saa mbili," Mjomba akasema alipopata pumzi. "Na uache kuniita mzee. Humu ndani mimi ni Mjomba."

"Asante," akasema Gumba. "Asante, Mjomba. Asante!"

Yaliyofuata hayaandikiki vizuri. Kulikuwa na vigelegele, kulikuwa na foronya zilizorushwa hewani, na Shangazi alilia waziwazi huku akiwafokea wengine waache kulia, kuna shuka sakafuni.

Daftari la jalada jeusi

Baadaye mchana huo, ofisini kwake, Mjomba alimweleza mwandishi walivyoamua. Haikuwa rahisi. Wawili kati ya wakuu wanne walisema mtu aliyetuma ujumbe mia nne bila ruhusa asiwekwe karibu na mifumo ya wateja. Walibishana hadi Jumatano jioni.

"Kilichoamua ni kile kiti," alisema. "Wateja wetu wanatulipa tuwatengenezee mifumo. Siku nyingine wanachohitaji ni sentensi moja nzuri, na ni sisi tunaopaswa kuwaambia. Anayeanza kazi nitamfundisha kuandika programu. Kubeba kiti hadi dirishani sijui kumfundisha mtu. Na kukosa, wote hapa tumekosa."

Akatoa kabatini daftari nene lenye jalada jeusi. Kila mfanyakazi mpya, siku yake ya kwanza, huandika humo kosa lake kubwa kuliko yote, kwa mkono wake, na kusaini. Ukurasa wa kwanza ni wa Mjomba mwenyewe: miaka ishirini na mbili iliyopita alifuta rekodi zote za shule moja siku ya kutoa matokeo. Alhamisi hiyo hiyo alikuwa ametia kalamu kwenye ukurasa mpya, wa pili kwa jina lake. Wino ulikuwa bado mbichi: *Nimeandika hongera kabla ya kujitaja.*

Gumba anajua atakachoandika Jumatatu. Ameshakipanga kichwani, na anasema hakitazidi mistari kumi na miwili.

Ana mipango mingine. Kampuni ilipomuuliza anataka kompyuta ya namna gani, hakutaja kasi wala jina la maana. Aliomba yenye kioo kirefu, aone mpaka chini. Anataka kujifunza kuandika kwa vidole vyote kumi. Jumamosi ataendelea kuja kiwandani kumtengenezea Shangazi sehemu mpya ya programu ya shuka, na mmoja wa wapiga pasi, aliyekuwa akimcheka zaidi kuliko wote, ameshaomba kufundishwa.

"Miaka mitano ijayo nataka niwe mimi ninayegawa viti," anasema. "Na dobi mmoja awe amekaa."

Zamu imekwisha. Anavua aproni, anaikunja mara nne kwa mazoea. Anaitazama simu. Tangu saa nane kasoro dakika nane haijaita hata mara moja. Mama amenuna.

Anampigia. Inaita muda mrefu, mwito wa mtu anayekusudia kuchelewa kupokea. Mwishowe inapokelewa, na cherehani inasikika ikisimama.

"Haya," mama anasema. "Wamepiga?"

Gumba anafuta macho kwa kona ya aproni.

"Hapana, mama. Nimewapigia mimi."